Mtoto wa Tumbe na vyakula vya Busan

Nikitaja Korea hapa Pemba, swali la kwanza huwa ni mbwa: je, nilimla? Nimeulizwa sokoni Tumbe, nimeulizwa ndani ya gari ya Konde, na ami yangu aliniuliza mbele ya wageni waliokuja kunipa hongera ya kumaliza masomo. Basi nijibu hapa mara moja, tupite. Muda wote niliokaa Busan sikuwekewa nyama ya mbwa wala sikuiona kwenye meza ya mtu yeyote ninayemjua. Vijana wengi wa huko hawaitaki, na Januari 2024 Bunge la Korea Kusini lilipitisha sheria ya kupiga marufuku kufuga, kuchinja na kuuza mbwa kwa ajili ya kuliwa, huku wafanyabiashara wakipewa muda hadi mwaka 2027 kuiacha kazi hiyo. Yamekwisha ya mbwa.

Mie napenda niulizwe vitu vinavyoliwa kila siku, kwa sababu hivyo navijua na navitamani hadi leo.

Nilikwenda kusoma mambo ya uvuvi katika Chuo Kikuu cha Pukyong. Busan ni mji wa bandari, kusini-mashariki kabisa mwa nchi, na chuo chenyewe kina asili ya skuli ya uvuvi. Shughuli yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta cha kula kilicho halali. Chakula kinachoutambulisha mji ule ni supu ya nguruwe inayomiminiwa juu ya wali, na mikahawa yake iko kila kona, harufu inakufuata mpaka kituo cha treni. Nguruwe yumo pia katika soseji, katika ramyeon nyingi, zile tambi za pakiti, na wakati mwingine katika supu ambayo kwa macho ungeapa ni ya mboga tupu. Nilijifunza sentensi ya kuuliza kama kuna nguruwe kabla sijajua kuuliza njia. Nilijifunza pia kusoma vibandiko, maana hata pilipili ya kopo yaweza kuwa imetiwa alkoholi ili isiharibike.

Msikiti upo, alhamdulillah. Unaitwa Al-Fatah, uko karibu na kituo cha Dusil, umejengwa tangu 1980, na jirani yake kuna maduka ya nyama ya kuchinjwa. Ijumaa nilikuwa narudi na kuku wangu kwenye begi. Lakini kuku wa Ijumaa hatoshi wiki nzima. Siku nyingine zote nguruwe alinisukuma upande wa bahari, na upande wa bahari ndiko kwenye utamu wa Busan.

Nianze na eomuk, kwa sababu ndicho chakula cha barabarani nilichokila kuliko vyote. Samaki mweupe husagwa pamoja na unga na chumvi, akatandazwa mwembamba, akakaangwa, kisha akakunjwakunjwa na kuchomekwa kwenye kijiti kirefu. Vijiti hivyo husimamishwa ndani ya sufuria la pembe nne lenye mchuzi unaotokota kutwa: figili nyeupe, vitunguu vya majani, dagaa wakavu, na kipande kipana cha mwani unaoitwa dasima. Pengine na kaa mdogo humo humo. Unafika, humwambii mtu kitu, unachukua kijiti chako, unapaka sosi ya soya yenye pilipili na kitunguu, unakula umesimama. Kijiti kitupu unakiweka mbele yako. Ukimaliza, mwenye kibanda anahesabu vijiti, unalipa. Mchuzi haulipiwi. Unachota mwenyewe kwa kikombe cha karatasi, na ukitaka tena unachota tena.

Aliyewahi kusimama jioni mbele ya meza ya pweza Chake Chake, akitafuna huku akinywa supu, hana la kufundishwa pale. Kitu kipya ni baridi tu. Januari upepo wa Busan unatoka baharini ukiwa na makali ambayo sisi hatuna hata jina lake, na kile kikombe cha mchuzi kinakuwa shughuli mbili: unakishika kupasha vidole, halafu unakinywa. Mama wa kibanda nilichokuwa nikienda wateja wote walimwita mama mdogo, ingawa si ndugu yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Alipojua siku ya pili kwamba sili nguruwe, alinionesha kwa kidole kila kilichomo mezani kwake: hiki kula, hiki kula, hiki usile. Kile cha usile kilikuwa sundae, utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi. Alikuwa anaukata kwa kisu chake na ubao wake, mbali na vijiti vyangu. Namuombea kheri mpaka leo.

Kwenye sufuria lile lile watu wa Busan huchovya pia vijiti vya tteok, yaani unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, ukapondwa mpaka ukavutika, ukaviringishwa kama vidole. Ukikaa ndani ya mchuzi wa samaki unalainika na kunywa ladha yote. Mtu wa Seoul haoni sana hivi vijiti kwao, ni mambo ya Busan. Tteok hiyo hiyo ikipikwa kwa gochujang, ile pilipili nzito iliyochachushwa na soya na mchele, pamoja na sukari na vipande vya eomuk, ndiyo tteokbokki ambayo vijana wetu wanaiona kwenye tamthilia. Nzuri, ndiyo. Lakini ni tamu na kali kwa pamoja, na mie naona sukari yake imezidi. Niliipenda zaidi ile isiyo na kitu, ya kuchovya.

Mji huu ulijifunza kula barabarani kwa shida. Wakati wa vita vya Korea, 1950 hadi 1953, Busan ilikuwa mji mkuu wa muda, na wakimbizi walimiminika kutoka kila upande mpaka wakajenga vibanda milimani. Ngano ya misaada ndiyo iliyokuwepo. Watu wa kaskazini waliozoea tambi za unga wa nafaka iitwayo buckwheat walizitengeneza kwa ngano, na hizo tambi za baridi, milmyeon, leo ni fahari ya mji. Kiwanda kimoja cha eomuk kisiwani Yeongdo kilianza 1953, mwaka vita viliposimama, na hadi sasa kinauza. Nilipokuwa nakula kijiti changu sikuweza kuacha kufikiri kwamba hiki kilikuwa kitoweo cha mtu aliyepoteza nyumba.

Vitamu vya barabarani nitavipitia haraka. Hotteok ni donge la unga wenye hamira, limejazwa sukari guru na mdalasini, linabanwa kwa chuma cha mviringo juu ya mafuta. Ya Busan, mtaa wa Nampo-dong, wanaipasua ikiwa moto na kuijaza mbegu za alizeti na za maboga, na hiyo ndiyo ya kupanga foleni. Bungeoppang ni mkate mdogo wenye umbo la samaki, ndani una maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Unaonekana wakati wa baridi, majira yakigeuka unatoweka. Viazi vitamu vya kuchoma vipo, mahindi yapo. Hayo sihitaji kumueleza mtu wa Pemba.

Soko la Jagalchi lazima niliseme. Ni soko la samaki la Busan, na wauzaji wake wenye sifa ni wanawake, wamevaa mabuti ya mpira na aproni, sauti zao zinasikika kabla hujaona samaki. Huko utakuta pweza anakatwa akiwa hai, anawekwa kwenye sahani vipande vikiwa bado vinajinyonganyonga, na watu wanamla hivyo hivyo kwa mafuta ya ufuta. Huyo sikumla na sitamla. Pweza kwetu anapondwa, anapikwa, ndipo anaitwa kitoweo.

Sasa dagaa. Kaskazini-mashariki mwa mji kuna Gijang, na bandari yake ya Daebyeon inajulikana nchi nzima kwa dagaa. Msimu wa machipuko wavuvi husimama mstari mmoja kandokando ya boti, wanaushika wavu kwa pamoja na kuukung'uta kwa mdundo, dagaa wanaruka hewani kama mvua ya fedha. Wengi wa dagaa hao wakubwa hutiwa chumvi kwenye mapipa mpaka wawe sosi. Wale wadogo, wanaovuliwa kwenye bahari ile ya kusini, huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, mambo yale yale tunayoyaona kwenye madago yetu wakati wanunuzi wa Kongo wakisubiri. Lakini wao wanawapanga kwa ukubwa, daraja kwa daraja: wa mchuzi mbali, wa kukaanga mbali, na wale wadogo kabisa, weupe, wana bei yao ya juu. Dagaa mkavu ni zawadi anayopelekewa mtu mzima kwa boksi lenye utepe wakati wa sikukuu. Niliposimama dukani nikaona boksi hilo, nilifikiria dagaa wa kwetu wanaomwagwa kwenye viroba.

Wa kukaanga wanapikwa hivi. Unawakausha kwanza kwenye kikaango bila mafuta, mpaka harufu ya ubichi iondoke. Unawatoa. Kikaango hicho hicho unatia mafuta kidogo, kitunguu thomu, sosi ya soya, sukari au asali. Vikianza kutoa povu unarudisha dagaa, unageuza haraka, unaepua, unanyunyiza ufuta. Wanakuwa watamu, wakavu, wanapasuka mdomoni, na wanakaa siku kadhaa bila kuharibika. Hawa ndio dagaa wa sukari wanaoniletea watoto wa kaka yangu mlangoni kila Ijumaa. Mama alikataa hata kuonja. "Dagaa na sukari vimejuana wapi?" Leo anakula na muhogo wa kuchemsha, na huwa ananiambia niongeze pilipili.

Lakini chakula kilichonibadilisha fikra zangu ni supu ya mwani.

Mama yangu analima mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, kikaenea mpaka kwetu, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba. Tangu nina akili namuona akishuka na bamvua, mambo, vile vijiti vya kufungia kamba, begani, kamba na taitai, vikamba vidogo vya kufungia mwani, kwenye polo, maji yanamfika kiunoni, na anarudi maji yakiwa yamejaa. Sare zangu za skuli zilinunuliwa kwa mwani. Madaftari, viatu, nauli ya Chake. Na katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuutia mwani ule kwenye chungu. Unafungwa, unavunwa, unaanikwa, unapimwa kilo, unaondoka kwenda nje, huko wanautoa ute wake wanautia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Sisi tunabaki na bei ya mnunuzi.

Basi Busan nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Binti yake alijifungua, akaja kukaa kwa mama yake kama wafanyavyo wazazi wa kwetu. Asubuhi ile bibi aliniita jikoni. Alikuwa na mwani mkavu, mweusi, uliokunjamana, haujai hata kiganja. Akautia kwenye beseni la maji. Tukanywa chai. Niliporudi kuangalia, beseni lilikuwa limejaa majani mapana ya kijani yaliyolainika, nikadhani ameongeza mwingine. Akaukamua kwa mikono miwili, akaukata kwa mkasi, kule mkasi ni chombo cha jikoni, akaukaanga kwa mafuta ya ufuta pamoja na kome na kitunguu thomu. Kome ni kwa ajili yangu. Kawaida hutia nyama ya ng'ombe, na alijua nyama ya dukani kwao sili. Akatia maji na sosi ya soya, akauacha uchemke taratibu mpaka mchuzi ukageuka rangi, ukawa mzito na mweupe mweupe.

Mzazi alikula supu ile asubuhi, mchana na usiku, kwa wiki kadhaa. Kwetu angepewa uji wa pilipili manga. Kisha bibi akanieleza kwamba kila Mkorea hula supu hiyo siku yake ya kuzaliwa, kila mwaka, maana ndiyo aliyoila mama yake baada ya kumzaa. Siku ya mtihani tu ndiyo hawaili: mwani unateleza, wasije wakateleza na majibu. Wanafunzi wenzangu walikuwa hawaigusi kabisa asubuhi ya mtihani.

Nilikula bakuli mbili. Ladha yake ni ya bahari iliyotulia, chumvi kidogo, ufuta nyuma yake, na jani lenyewe halikupi shida mdomoni. Usiku nilimpigia simu mama nikamwambia, huku mwani wanapewa wazazi, wanapewa watu siku yao ya kuzaliwa. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na wakulima wake wanalipwaje?"

Hilo ndilo swali la mkulima, na nililifuata. Chuo kilitupeleka Wando, visiwa vya kusini-magharibi ambako mwani wa Korea unalimwa kwa wingi. Kamba zao zinaelea kwenye maboya katika maji ya kina, mbegu zinakuzwa kwanza kwenye matangi nchi kavu, na kuvuna ni kwa boti yenye mashine. Mwani mwingine unalishwa konokono wa baharini wenye gamba pana, ambao wenyewe wanauzwa ghali na kupikiwa uji. Lakini nilichokiona zaidi ya mashine ni kwamba mkulima wa Wando ana mteja nyumbani. Mwani wake unaliwa na jirani yake, unaliwa skuli, unaliwa hospitali kwenye wodi ya wazazi. Gim, ule unaokaushwa ukawa karatasi nyeusi, ndio unaofungia wali kwenye kimbap. Mie nilikuwa nikinunua ya samaki jodari, naomba watoe kipande cha soseji wakati wa kufunga, na hicho kilikuwa chakula changu cha mchana darasani. Soko la nje likiyumba, bado kuna vinywa mamilioni vinavyoutaka. Mama yangu hana mteja hata mmoja anayekaa Pemba.

Nilirudi nikiwa na gochujang halali, mfuko wa mwani wa Gijang na nia ya kuanza. Kimchi, ile kabeji yao ya kuchachushwa kwa pilipili, imekubali: kabeji yetu ya kawaida, pilipili ya unga, tangawizi, thomu, na badala ya sosi yao natumia dagaa waliochemshwa kwa chumvi mpaka wakalainika nikawachuja. Kwa joto letu inachacha haraka, siku mbili imeshakuwa kali, kwa hivyo natengeneza kidogo kidogo. Familia inaila kama achari, pembeni ya wali.

Mwani wetu ni mwingine kabisa. Wao wanakula jani. Spinosum, aina ya mwani anayolima mama, ni matawi manene, na ukiichemsha muda mrefu inayeyuka ikawa ute. Supu ya Busan haitoki kwake. Nilichofanya ni hiki, na nimekifanya tena na tena mpaka kimekaa sawa. Chukua mwani mbichi, siku hiyo hiyo uliotoka baharini, uliolimwa kwenye maji masafi. Osha kwa maji matamu mpaka mchanga na chumvi viishe, chambua takataka zote. Utumbukize kwenye maji yanayotokota, hesabu mpaka kumi, utoe, uutie maji baridi mara moja; unabaki na mkato mzuri wa meno. Katakata. Kitunguu maji kilichooshwa kwa chumvi, pilipili mbichi, ndimu mbili, na tui zito kidogo. Ukipenda, malizia na ufuta uliokaangwa, huo nimeutoa kwa bibi wa Busan.

Mara ya kwanza nilipoupeleka mezani, mama aliutazama. "Huu tunauza, mwanangu. Tutaula vipi?" Baba ndiye aliyeanza, akautia juu ya wali na changu wa kukaanga, akala bila kusema neno, akaongeza. Mama akaonja kitawi kimoja, akasema ndimu haitoshi, akaenda kuchuma nyingine mwenyewe. Sasa wenzake anaofunga nao kamba wanakuja na vibakuli. Kuna wanaoutaka bila tui, kuna anayetia embe bichi, na hilo la embe limenishinda kwa utamu.

Bamvua hili wameniomba niwafundishe na dagaa wa sukari, wapeleke kwenye shughuli ya harusi ya binti wa jirani, Ijumaa ijayo. Mwani utakuwepo kwenye sinia moja, dagaa kwenye jingine. Ninahitaji ufuta kilo nzima, na Tumbe umekwisha. Kesho nakwenda kuutafuta Wete.